Likizo ya Ziwani, Kabimba

SWALI: Shemeji yangu aliye Ufaransa hupeleka watoto kisiwani kila Julai. Wangu nao wananisumbua. Tuende wapi bila gharama kubwa?
Mama wa watoto watatu, Kalemie

JIBU: Mama, nendeni Kabimba, ila ngojeni nusu ya pili ya Agosti. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Marufuku kama hiyo ikiwapo, samaki wabichi mtawasikia tu. Tena kiangazi upepo wa kusini-mashariki husukuma mawimbi upande wetu huu. Kwa hiyo mtumbwi uliojaa pomoni msiupande, hata mwenyewe akiapa ni salama.

Kuoga, chagueni mchanga ulio wazi na maji yanayotembea. Penye matete na maji yaliyotulia hukaa konokono wa kichocho, na mamba pia. Waulizeni wavuvi kwanza.

Usiku usio na mwezi wapelekeni watoto ufukweni waone taa za wavuvi wa ndagala. Asubuhi nunueni mikebuka, mchome kwa chumvi na pilipili, mle na bukari. Simu zibaki nyumbani, na ya baba pia.