Kuchagua Kinga ya Kompyuta Shuleni: Toleo la Bure, la Kulipia, au Kamili?

Katika shule zetu za sekondari kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi. Ndani yake hutunzwa majina ya wanafunzi, mitihani ya muhula, hesabu za ada na chakula, na zile alama za maendeleo ambazo, tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, huhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Alama hizo zikipotea wiki moja kabla ya kupelekwa zinakotakiwa, anayeumia si kompyuta bali ni mwanafunzi.

Kwa sababu hiyo walimu wakuu wengi huuliza: tununue programu gani ya kukinga kompyuta zetu? Wauzaji huwaletea matoleo matatu ya programu ile ile, yaani la bure, la kulipia, na lile liitwalo kamili, ambalo huahidi pia kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi. Makala haya hayakusudii kumsifia muuzaji yeyote. Yanakusudia kumpa msomaji ujuzi wa kuchagua mwenyewe, kwa kutumia mfano wa shule iliyo katika milima ya Uluguru.

1. Kirusi cha kompyuta ni nini?

Kirusi ni programu iliyoandikwa na mtu, yenye uwezo wa kujinakili kutoka faili moja hadi jingine au kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila idhini ya mwenye chombo. Mwaka 1983 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alionyesha programu ya namna hiyo mbele ya wenzake. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistani, kilisambaa katika nchi nyingi kwa njia ya disketi.

Leo disketi zimetoweka, lakini njia ni ile ile. Mwalimu wa Mgeta au Matombo huandika mtihani wake shuleni, huuweka katika flashi, kisha huteremka nao hadi steshenari mjini Morogoro ili uchapwe. Katika kompyuta ya steshenari flashi za watu wengi zimepita siku hiyo. Jioni flashi hurudi mlimani na abiria asiyelipa nauli. Wengi wameona dalili zake: mafaili yote hugeuka vialama vya njia ya mkato, na mwenye flashi hudhani kazi yake imefutika. Kwa kawaida haijafutika, imefichwa tu. Kama flashi imepewa herufi E, baada ya kuondoa kirusi yafaa kufungua dirisha la maagizo na kuandika: attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na mara nyingi mafaili yataonekana tena.

2. Programu ya kinga hufanyaje kazi?

Programu ya kukinga virusi, ambayo mafundi huiita antivairasi, hutumia njia kuu mbili. Ya kwanza ni kulinganisha. Programu huwa na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, kama vile polisi wanavyotunza alama za vidole, na kila faili hupimwa kwa orodha hiyo. Njia hii ni ya haraka, lakini haiwezi kukitambua kirusi kilichoandikwa jana iwapo orodha ni ya mwaka jana.

Njia ya pili ni kuchunguza mwenendo. Programu inayoanza ghafla kubadilisha mafaili mamia kwa dakika moja hutiliwa shaka na kusimamishwa, hata kama jina lake halijulikani. Njia hii huwakamata wageni wapya, lakini mara nyingine humkamata na asiye na hatia.

Je, yawezekana kuandika programu ya kinga isiyokosea kamwe? Cohen alithibitisha kwamba haiwezekani, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuufuata uthibitisho wenyewe. Tuchukulie kuwa ipo programu K ambayo, ikipewa programu yoyote, hujibu sawasawa kila mara: "ni kirusi" au "si kirusi". Sasa tuandike programu M yenye maagizo mawili. Kwanza, M iiulize K kuhusu M yenyewe. Pili, jibu likiwa "ni kirusi", M itulie isifanye lolote. Jibu likiwa "si kirusi", M ijinakili katika mafaili mengine. K ikisema M ni kirusi, M itatulia, kwa hiyo si kirusi. K ikisema si kirusi, M itaenea, kwa hiyo ni kirusi. Katika hali zote mbili K imekosea. Basi K haipo.

Tokeo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi. Tangazo lolote linaloahidi kinga ya asilimia mia moja linaahidi jambo ambalo hisabati imekwisha kulikanusha.

3. Hesabu ya kengele za uongo

Watangazaji hupenda kusema, "Programu yetu hugundua asilimia 99 ya virusi." Tufanye hesabu kwa namba za kubuni zilizochaguliwa kwa urahisi. Tuseme kompyuta ina mafaili 100,000, na kati yake 10 yameambukizwa. Programu itagundua karibu yote 10. Lakini tuseme pia kwamba hukosea mara moja katika kila mafaili 1,000 yaliyo salama. Mafaili salama ni 99,990. Kengele za uongo zitakuwa kama 100. Basi kengele zote ni 110, na za kweli ni 10 tu, yaani moja katika kila 11.

Kwa hiyo kiwango cha ugunduzi peke yake hakitoshi kulinganisha programu. Ni lazima kuuliza pia kiwango cha kengele za uongo. Taasisi za upimaji kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huchapisha vipimo vya namna zote mbili, navyo husomwa bila malipo. Aidha, mwalimu asifute faili mara tu kengele inapolia. Aliweke kwanza karantini, alichunguze, ndipo aamue.

4. Matoleo matatu na tofauti zake

Toleo la bure. Kwa kampuni nyingi toleo hili hutumia mtambo ule ule wa kugundua virusi uliomo katika toleo la kulipia. Kasoro zake ziko kwingine. Kwanza, leseni yake mara nyingi huruhusu matumizi ya nyumbani tu; shule inayoliweka katika ofisi yake huenda inavunja mapatano. Pili, bure ina gharama zake. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni ya Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, habari za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo wa Windows wenyewe huja na kinga yake iitwayo Defender, isiyohitaji kununuliwa wala kuwekwa upya.

Toleo la kulipia. Hili huongeza msaada wa fundi na leseni halali kwa taasisi, na mara nyingi njia ya kusimamia kompyuta nyingi kutoka mahali pamoja. Kwa chuo chenye mamia ya kompyuta, jambo hilo la mwisho ni la thamani kubwa. Kwa shule yenye kompyuta 12 katika chumba kimoja, mwalimu aweza kuzizungukia kwa nusu saa.

Toleo kamili. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Toleo hili huongeza zana za "matengenezo": kufuta mafaili ya muda, kusafisha rejista ya Windows, kupanga upya diski na kuongeza kasi. Kufuta mafaili ya muda kunafaa, lakini Windows ina zana yake ya kazi hiyo. Kusafisha rejista hakuleti kasi ya maana, na kukikosewa kompyuta yaweza kukataa kuwaka. Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za namna hiyo. Kupanga upya diski kulikuwa na maana kwa diski ya sahani izungukayo, kwa sababu kichwa cha kusomea kililazimika kusafiri kutoka kipande hadi kipande. Diski ya kisasa ya SSD haina kichwa wala sahani. Kuipanga hakuna faida bali huipunguzia umri, maana idadi ya maandishi iwezayo kupokea ina kikomo.

Tena, kila programu iongezwayo ni mlango mpya. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu mashuhuri ya usafi wa kompyuta, lilipenyezwa maagizo maovu kabla ya kuwafikia watumiaji, na zaidi ya watu milioni 2 wakalipokea kwa imani.

5. Mambo yasiyouzwa katika toleo lolote

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la kasoro moja ya Windows. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu ya WannaCry iliitumia kasoro hiyo hiyo kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Waliokuwa wamepokea sahihisho hilo la bure walikuwa wamefungiwa mlango uliotumiwa na adui. Msomaji akumbuke pia kwamba Windows 10 ilikoma kupata masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Shule yenye kompyuta za mfumo huo haina budi kufikiria kuhamia mfumo mpya zaidi, au Linux, ambayo haina malipo.

La pili ni nakala za akiba. Kanuni ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na shule. Nakala hiyo ya mbali ifungwe kwa nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mtunzaji wa taarifa za watu azilinde.

6. Mfano: shule ya mlimani

Wazee wa Uluguru wanaukumbuka mpango wa wakoloni wa matuta ya ngazi katika miaka ya 1950. Dawa moja iliagizwa kwa miteremko yote. Mahali ambapo udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, kuchimba ngazi kuliufukia chini na kuuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Kinga iliyo nzuri mahali pamoja yaweza kuwa hasara mahali pengine.

Basi tuseme shule yetu ina kompyuta 12, mtandao dhaifu, umeme unaokatika wakati wa radi za masika, na muuzaji anadai shilingi 40,000 kwa kila kompyuta kwa mwaka. Kwa miaka mitatu gharama ni 12 × 40,000 × 3, yaani shilingi 1,440,000. Je, hatari kubwa za shule hii ni zipi? Ni flashi zitokazo mjini, umeme, na kukosa nakala. Toleo kamili halizuii radi. Tena sehemu ya ubora wake hutegemea mtandao wa kudumu, ambao haupo.

Kwa shule hii ushauri wetu ni kama ifuatavyo. Itumie Defender, faili la orodha mpya ya virusi hupatikana bure katika tovuti ya Microsoft, na mwalimu anayeteremka mjini aweza kulileta kwa flashi kila wiki. Wanafunzi watumie akaunti za kawaida, si za msimamizi. Kompyuta moja iteuliwe kuwa kizuizi, ambako kila flashi hupimwa kwanza. Mitihani ipelekwe steshenari kwa flashi maalumu isiyo na kitu kingine. Fedha zilizookolewa zinunue diski mbili za nje kwa ajili ya nakala, na betri ya akiba ya kompyuta ya ofisi. Shule kubwa ya mjini yenye kompyuta mia na mtandao wa kudumu yaweza kufikia uamuzi tofauti, na ukawa sahihi.

Maswali ya kujipima

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 ikiwa programu hukosea mara moja katika mafaili 10,000. Kengele za kweli ni sehemu gani ya kengele zote?
2. Kwa nini uthibitisho wa Cohen hautufundishi kuacha kutumia programu za kinga?
3. Orodhesha hatari tatu za kompyuta za shule yako kwa mpangilio wa ukubwa. Ni ipi kati yake inayozuiwa na toleo la kulipia, na haizuiwi na lile la bure?
4. Leo alasiri, chukua nakala ya akiba ya shule yako na ujaribu kufungua faili moja lililomo. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa bado haijawa nakala.