SOMO LETU: MZIZI HUKUA NCHANI



Msimu uliopita miche yangu ya mikarafuu ilidumaa kitaluni, kisha ikafa mmoja mmoja. Nililaumu jua, nikalaumu mbegu, maji sikuyashuku. Mwishowe nilitia maji ya kisima changu katika chupa, nikavuka nayo kutoka Pemba hadi Magomeni, Dar es Salaam, kwa shemeji yangu anayesomesha sayansi. Yeye ana hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo. Niliyojifunza huko ndiyo somo la leo.

Kila mmea umejengwa kwa seli, vijumba visivyoonekana kwa macho matupu. Mzizi haukui kila mahali. Seli mpya huzaliwa karibu na ncha: moja hugawanyika zikawa mbili, kisha hurefuka na kuisukuma ncha mbele. Ncha ikidhurika, mzizi husimama.

Tulitumia kitunguu kutoka soko la Kariakoo, kwa kuwa hutoa mizizi upesi, na seli zake ni kubwa, zenye kromosomu 16 tu. Kromosomu ni nyuzi zinazochukua urithi wa mmea. Kitunguu si mgeni katika kazi hii: mwaka 1938 Albert Levan wa Sweden alikitumia kuchunguza jinsi dawa ya kolchisini inavyovuruga mgawanyiko wa seli.

Kazi ni hii:

1. Weka kitunguu juu ya gilasi, kitako kiguse maji. Ngoja siku mbili au tatu.

2. Kata ncha za mizizi. Zilaze siku moja katika alkoholi sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja.

3. Zipashe moto dakika chache katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha zioshe. Asidi huchoma, aishike mwalimu.

4. Bakisha milimita 2 za mwisho, zitie rangi ya orseini, zifunike kwa kioo chembamba, na ubonyeze kwa kidole gumba bila kuteleza.

Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 400, seli nyingi utaziona zina kiini cha duara, hizo hazigawanyiki. Nyingine zina nyuzi zilizonenepa: hiyo ni profazi. Nyuzi zikijipanga katikati, ni metafazi. Zikivutwa pande mbili, ni anafazi. Vikipatikana viini viwili, ni telofazi. Kila seli changa hupata kromosomu 16 zake kamili.

Sasa kipimo. Hesabu seli zote unazoziona, kisha zile zinazogawanyika. Tuseme umehesabu 500, na 40 zinagawanyika: gawa 40 kwa 500, zidisha kwa 100, upate 8 kwa mia. Hicho ndicho kiwango cha mgawanyiko. Usihesabu seli ndefu za juu ya ncha, maana hizo zimekwisha kugawanyika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila hesabu.

Tulilinganisha maji ya mvua na maji ya kisima changu. Mizizi ya maji ya mvua ilikuwa mirefu na myeupe. Ya kisima ilikuwa mifupi, na seli zinazogawanyika tulizitafuta kwa shida. Kisima changu ki karibu na bahari, na maji yake yana chumvi.

Asiye na hadubini asikate tamaa. Achukue vitunguu sita vya ukubwa mmoja, vitatu juu ya maji ya mvua, vitatu juu ya maji ya kisima, na baada ya siku tatu apime mizizi kwa rula. Kitunguu si mkarafuu, wala hakitoi hukumu ya mwisho. Lakini hutoa onyo kabla mche haujafa.

Ndugu, pimeni maji yenu kabla ya kupanda mbegu. Mimi nilipima baada ya kuzika miche.

Wabillahi taufiq.

Katibu wenu