Safari ya Maagizo Ndani ya Yai la Inzi

Yule inzi mdogo arukaye juu ya ndizi zilizoiva sana hutaga yai lenye urefu wa karibu nusu milimita. Kwa macho matupu ni kama kipunje cheupe tu. Lakini kabla yai hilo halijatagwa, imekwisha pangwa ndani yake wapi patakuwa kichwa na wapi patakuwa mkia. Je, mpango huo hupatikanaje?

Kwanza yapasa kufahamika kwamba yai halikui peke yake. Chembe hai moja hugawanyika mara 4, zikapatikana chembe 16 zilizounganishwa kwa vijia vyembamba. Moja katika hizo huwa yai, na 15 huwa walezi wake. Walezi hao hutengeneza maagizo ya kuunda protini, yaitwayo RNA, na maagizo hayo huingia katika yai kwa kupitia vijia hivyo.

Basi hayaachwi yaelee ovyo. Ndani ya yai mna nyuzi nyembamba mfano wa njia, na juu yake hutembea protini zichukuazo mizigo kama wapagazi. Mmoja, daineini, huelekea ncha moja ya uzi. Mwingine, kinesini, huelekea ncha ya pili. Daineini hupeleka agizo liitwalo bicoid upande wa mbele, na kinesini hupeleka lile liitwalo oskar upande wa nyuma. Wala safari ya oskar si ya kunyooka. Mzigo huenda huku na huku, ila miendo ya kuelekea nyuma huizidi mingine kwa kiasi kidogo tu. Na kwa ziada hiyo ndogo hatimaye hukusanyika mahali pake. Njiani agizo hilo huzuiliwa lisifanye kazi mpaka lifike.

Twajuaje haya? Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis, walichunguza inzi wenye kasoro za kurithi. Ikaonekana kwamba mama akikosa bicoid, mtoto hukosa kichwa na kifua. Akikosa oskar, mtoto hukosa tumbo na chembe za uzazi. Kisha mwaka 1992 Anne Ephrussi na Ruth Lehmann walifanya oskar iwekwe mbele ya yai. Chembe za uzazi zikatokea huko huko mbele, mahali pasipo pake!

Hapa pana funzo kubwa. Agizo lile lile likiwekwa pasipo mahali pake, hujenga kilicho sahihi mahali palipo kosa, na mwili wote huharibika.

Wala jambo hili si la inzi peke yake. Wapagazi wa namna hiyo hiyo wamo katika mishipa ya fahamu ya binadamu, ambayo mingine hufikia urefu wa mita moja. Kinesini zikiwa na kasoro, baadhi ya watu hupatwa na maradhi ya kurithi yanayokaza na kudhoofisha miguu. Kwa hiyo anayechunguza yai la inzi anachunguza pia jinsi mtu anavyoweza kusimama na kutembea.