Programu Yangu Imefeli Kwenye Shamba la Mama



*Nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Kwetu ni Ntendo, Sumbawanga. Mradi wangu ni programu ya simu inayotambua magonjwa ya mahindi kwa picha ya jani. Niliifundisha kwa picha za bure za PlantVillage, na kwenye picha za kupimia ikapata asilimia 97. Nilifurahi mpaka nikawawekea majirani wawili watatu kwenye simu zao.*

*Likizo ya Februari niliipeleka shambani kwa mama. Nikapiga picha 120. Mama na bwana shamba wa kata wakazichambua: 58 ni majani mazima, 32 yana magonjwa matatu ambayo programu inayajua (kutu, madoa ya kijivu na mabaka marefu), 21 yameliwa na viwavijeshi, na 9 yana michirizi. Programu ilipatia 62 tu. Jani lililotobolewa na viwavi ililiita lenye kutu. Mama alicheka, akauliza hiyo simu imelima wapi.*

*Zimebaki wiki nne kukabidhi ripoti. Mahindi yameanza kukauka, siwezi kurudi kupiga picha nyingine. Msimamizi kanijibu maneno mawili kwenye WhatsApp: "Ongeza data." Rafiki zangu wanasema nizifute hizo picha za nyumbani, 97 inatosha, nani atajua? Mmoja kanipa namba ya kaka wa steshenari anayeandika ripoti nzima kwa laki na nusu. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, na nikisimama mbele za watu sauti inapotea. Naogopa kusapu nikakosa mahafali. Na baba keshatangaza mtaa mzima kwamba binti yake ametengeneza daktari wa mahindi. Nifanyeje?*

*Binti wa Ntendo*



Mwanangu, namba ya huyo kaka ifute leo. Ripoti ambayo mwenyewe huijui hukuumbua kwenye swali la pili la paneli, na laki na nusu hairudi. Hilo tumelimaliza.

Tuje kwenye picha 120. Wewe umeziandika kama aibu. Mimi naona kazi yako yote ya maana imo humo, na ile 97 ndiyo isiyo na habari. Wanafunzi wengi duniani wamepakua mkusanyo huohuo wa PlantVillage, wakaufundishia modeli, wakapata 95, 97, 99. Wajumbe wa paneli wameshazoea. Wasichokizoea ni mwanafunzi aliyetoka na programu yake mpaka shambani, akaipima, akarudi na jibu lisilompendeza.

Na hukuanguka peke yako. Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha utafiti uliowafanya watu wengi waujue mkusanyo huo: picha 54,306 za majani ya mazao 14. Modeli yao bora ilipata asilimia 99.35. Wengi huinukuu namba hiyo na kuishia hapo. Lakini katika andiko lilelile waandishi wanaeleza kwamba walipoijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi asilimia 31 na ushee. Waliandika wenyewe, hawakuficha, na andiko lao likawa miongoni mwa yanayonukuliwa sana katika fani hiyo. Mwaka uliofuata Amanda Ramcharan na wenzake, Hughes akiwemo, walifundisha modeli ya mihogo kwa picha zilizopigwa mashambani hapahapa Tanzania. Mwaka 2019 wakaripoti kwamba modeli ya namna hiyo ikiingizwa kwenye simu na kupelekwa shambani, bado inashuka. Kazi za kundi hilo ndizo zilizozaa Nuru, programu ya simu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila mtandao. Haya yote yaingie sura ya pili ya ripoti yako, tena usiyapitie juu juu.

Sasa chukua kalamu tuhesabu, maana hapa naona hukujitendea haki.

Umesema 62 kati ya 120, yaani asilimia 52. Lakini sehemu ya mahindi ya PlantVillage ina makundi manne tu: kutu, madoa ya kijivu, mabaka marefu, na jani zima. Michirizi haimo. Viwavijeshi vamizi, ambao wametusumbua Tanzania tangu 2017, nao hawamo. Programu yako haikupewa nafasi ya kusema "hiki sikijui." Ukiionyesha jani lililoliwa, italazimika kulitupia katika moja ya makundi yake manne. Kwa hiyo yale majani 30 (21 na 9) isingeweza kuyapatia hata ingekuwa na akili za malaika. Yatenge. Yanabaki 90, na 62 kati ya 90 ni asilimia 69. Hayo ni matokeo mawili tofauti yenye sababu mbili tofauti, na kuyachanganya katika namba moja kunamficha msomaji jambo.

Lakini usishangilie hiyo 69 mapema. Tuseme mtu mvivu akaandika programu ya mstari mmoja inayojibu "jani zima" kwa kila picha. Kwenye hizo 90 ingepatia 58, yaani asilimia 64. Yako imeizidi kwa picha nne tu. Na kwa picha 90 tu, makosa ya kubahatisha ni kama pointi kumi juu na kumi chini, kwa hiyo huwezi hata kudai kwamba umemshinda mvivu. Liandike hilo wazi. Kisha tafuta namba ambayo barua yako haikuitaja, nami ndiyo naitaka zaidi: katika yale majani 32 yenye ugonjwa, programu ilikamata mangapi? Chora jedwali, safu zioneshe jani lilikuwa nini hasa, nguzo zioneshe programu ilidhani nini. Jedwali hilo moja litakuwa na uzito kuliko kurasa kumi za kueleza historia ya kompyuta, ambazo nina hakika umeshaziandika.

Halafu kuna swali la kwa nini. Picha za PlantVillage nyingi ni jani moja lililochumwa na kuwekwa juu ya kitu cha rangi moja. Shamba la kwenu Ufipa mwezi Februari lina wingu, umande, udongo, magugu na maharage katikati ya mistari. Mwaka 2022 mtafiti Mehmet Alican Noyan alifanya jaribio la kuchekesha: katika kila picha ya mkusanyo huo alichukua pikseli nane tu za nyuma ya jani, jani lenyewe akaliacha, akafundishia modeli. Ikapatia asilimia 49, wakati kubahatisha tu katika makundi 38 ya mkusanyo mzima kungeleta chini ya asilimia 3. Maana yake, pale nyuma ya jani pana harufu ya jibu, na modeli huinusa. Jaribio hilo unaweza kulirudia kwa makundi yako manne jioni moja, kwenye laptopu yako hiyohiyo, bila kupiga picha hata moja mpya. Jaribu pia kuzikata picha zako za shambani libaki jani peke yake, uone kama namba inapanda. Ikipanda au isipopanda, vyote ni matokeo.

Kagua na kitu kimoja kinachowaponza wengi. Uliposaidia modeli kwa kugeuzageuza picha na kuziongeza, je, ulifanya hivyo kabla ya kutenganisha picha za kufundishia na za kupimia? Kama ni kabla, jani lilelile limeingia pande zote mbili na 97 yako ni ya kuibia mtihani. Gawanya upya, pima upya. Ikishuka hadi 93, ripoti itakuwa na 93.

Msimamizi wako aliposema "ongeza data" hakukosea, ila amejibu alivyoulizwa. Bila shaka ulimtumia ujumbe mrefu wa malalamiko usiku. Mchapishie ukurasa mmoja: lile jedwali, sentensi tatu za maelezo, na swali analoweza kujibu kwa ndiyo au hapana. Swali ni hili: "Dokta, naomba swali la utafiti liwe ni kiasi gani modeli iliyofundishwa kwa picha za maabara inafaa katika mashamba ya Ufipa. Unaruhusu?" Nenda ofisini kwake asubuhi, simama mlangoni, salimia. Kama idara haikubali kubadili kichwa cha ripoti wakati huu, kiache kama kilivyo, swali lako uliweke katika sura ya kwanza.

Data ya kuongeza ipo pia. Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, pamoja na mwenzake Hudson Laizer, waliweka hadharani mwaka 2023 mkusanyo wa picha zaidi ya 18,000 za mahindi ya Tanzania, yenye afya na yenye maradhi, michirizi ikiwemo. Hutaweza kufundisha upya kila kitu ndani ya wiki nne, na sikushauri. Pima tu programu yako kwa sehemu ya yale majani mazima, uone kama inaweweseka kwa hindi la Kitanzania lolote au kwa la Ntendo pekee. Zile picha zako ambazo mama na bwana shamba walibishania (nina hakika zipo) watumie wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, uwaombe watoe jibu lao. Ripoti isipoeleza nani aliamua kwamba jani ni gonjwa, mjumbe mmoja atauliza.

Kuhusu kuandika, usianze na sura ya kwanza. Anza na ya nne, ya matokeo, maana ndiyo unayoijua kwa mikono yako. Kisha ya tatu, jinsi ulivyofanya. Utangulizi na hitimisho viandikwe mwisho. Rasimu ya kwanza itakuwa mbaya, iache iwe mbaya. Wahunzi wa Ufipa hawakufua jembe moja kwa moja kutoka kwenye ilungu, ile tanuru ndefu. Kilichotoka humo kilikuwa chuma kichafu, kikapelekwa kwanza kwenye kintengwe, tanuru ndogo, kisafishwe. Kiingereza chako cha kuungaunga kitasafishwa katika hatua ya pili. Andika sentensi fupi. Akili mnemba ikikurekebishia sarufi, na chuo chako kinaruhusu, sawa, ila isome kila sentensi uliyorudishiwa. Ikikupa rejea ya andiko ambalo hujalifungua kwa macho yako, itupe, maana akili mnemba hubuni rejea. Na kila jioni jitumie nakala kwa barua pepe. Flashi za wanafunzi hufa wiki ya mwisho, sijui zinaambiana nini.

Siku ya mawasilisho, slaidi ya pili iwe picha mbili kando kwa kando: jani la PlantVillage juu ya karatasi, na jani la shamba la mama yako. Nyamaza kidogo, waache watazame. Hapo kazi nusu imeisha, na hujahitaji Kiingereza kingi. Rekodi video fupi ya programu ikifanya kazi, kwa sababu mtandao wa ukumbini hauaminiki na projekta nazo zina siku zao. Fanya mazoezi mbele ya mwenzako asiyesoma kompyuta, kwa sauti, umesimama. Sauti yako inapotea kwa sababu mpaka sasa ulikuwa unakwenda kuitetea 97 ambayo mwenyewe huiamini. Wakikuuliza usichokijua, sema hukukipima, na useme ungekipima vipi. Paneli haimfelishi mtu kwa jibu hilo. Inayemfelisha ni yule anayebuni.

Rafiki zako wanauliza nani atajua ukizifuta. Mama anajua, bwana shamba anajua, na msimu ujao jirani atakayepulizia dawa ya ukungu kwenye hindi lenye viwavi atajua kwa hasara.

Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa, hata kabla ya jedwali, ni kumpigia baba simu. Mwambie programu imesoma mahindi ya kwenye karatasi, ya kwetu bado, na kwamba kulithibitisha hilo ndiyo shahada yenyewe. Atanuna kidogo. Kisha apite kwa wale majirani uliowawekea, aifute kwenye simu zao, na awaambie jani likiwatia shaka walipeleke kwa bwana shamba kama walivyokuwa wakifanya.