Ngozi ya Kinena na Kosa la Kukimbilia Tyubu

Mwanamume anayewashwa kinenani huwa na tiba tatu kichwani kabla hajamwambia mtu: kuoga mara nyingi zaidi, kuhamia sabuni ya dawa na, nafuu ikikosekana, kununua tyubu ya kupaka. Zote tatu zinaweza kumzidishia shida. Ili tuone ni kwa nini, tuanze na ngozi yenyewe.

Tabaka la juu la ngozi ni seli bapa zilizokwisha kufa, zimelaliana kama makuti juu ya paa, na katikati yake mna mafuta yanayoziba mianya. Tabaka hilo huzuia maji ya mwili yasitoke ovyo na vitu vya nje visiingie ovyo. Ila uimara wake haulingani mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti wawili nchini Marekani, Feldmann na Maibach, waliwapaka watu haidrokotisoni, dawa ya aina ya steroidi, sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kiasi kilichotoka katika mkojo. Ngozi ya pumbu ilipitisha dawa mara 42 ya ile iliyopita kwenye kigasha. Kwa hiyo manukato au kemikali ambayo mkono hauna habari nayo, pumbu huweza kuihisi kama moto.

Jambo la pili ni unyevu. Pale paja linapokutana na pumbu, jasho halipati upepo wa kulikausha. Seli zilizolowa hufura na kulainika, na zikisuguana hubanduka. Ndiyo maana dereva wa bodaboda anayeshinda juani kwenye kiti cha plastiki, au mchezaji aliyevaa boksa ya nailoni, huchubuka bila kuambukizwa chochote. Hapo hakuna kimelea wa kuuawa. Kinachotakiwa ni ukavu, nguo ya pamba isiyobana, na pengine mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe kidogo pale panaposuguana.

Sasa tuitazame sabuni. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu 5, ilhali sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Kila ukisugua, unaondoa yale mafuta ya katikati ya seli na kuvuruga asidi inayowazuia vijidudu. Mtu huona wekundu kwenye kichwa cha uume, akadhani ni uchafu, akaongeza sabuni, na wekundu nao ukaongezeka. Maji ya kawaida yanatosha. Mwenye govi alivute taratibu, aoshe kwa maji, akaushe, kisha alirudishe mahali pake. Govi la mtoto mdogo lisilovutika lisilazimishwe.

Bila shaka fangasi nao wapo. Wale wa choa hula keratini, protini inayojenga lile tabaka la seli zilizokufa. Tazama alama yao pajani: ukingo umeinuka kidogo, mwekundu, una magamba, na katikati pamefifia. Fangasi husonga mbele kuelekea nje, na mwili hupambana nao kwenye ukingo, ndipo penye muwasho zaidi. Mara nyingi pumbu huachwa salama. Wengi huwapata kutoka miguuni mwao wenyewe: boksa hupita kwenye vidole vyenye fangasi na kuwapandisha hadi kinenani. Basi tibu miguu pia, na vaa soksi kabla ya boksa.

Kandida ni fangasi wa namna nyingine. Haichagui, huingia hata pumbuni na chini ya govi, ikiacha wekundu wenye vipele vidogo pembeni na wakati mwingine utando mweupe. Hustawi penye sukari, kwa hiyo mwanamume ambaye hali hii humrudia mara kwa mara anapaswa kupimwa kisukari.

Hapo ndipo tyubu inapoingia. Krimu nyingi zinazouzwa huchanganya dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi hutuliza mapambano ya kinga ya mwili, hivyo muwasho hupoa na mtu huamini amepona. Fangasi wao hawajatulia. Akiacha kupaka, hurudi wakiwa wameenea, na ule ukingo uliowatambulisha umepotea. Mwaka 1968 madaktari Ive na Marks wa Uingereza waliieleza hali hii ya fangasi waliojificha nyuma ya steroidi. Ukikumbuka ile namba 42, utaelewa pia kwa nini steroidi kali ikitumiwa muda mrefu hapo huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi.

Kwa choa cha pajani, klotrimazoli isiyochanganywa na kitu hutosha mara nyingi. Hupakwa mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo kidogo, kwa wiki mbili hadi nne, hata kama muwasho umekoma siku za mwanzo. Anayetumia kondomu ajue kwamba krimu hiyo inaweza kudhoofisha mpira wake.

Kidonda, malengelenge, usaha, maumivu wakati wa kukojoa au uvimbe wa korodani si mambo ya kujitibia nyumbani. Vipele vinavyowasha sana usiku, huku wengine nyumbani wakijikuna, huenda ni ugonjwa wa upele, na nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja. Govi lililovutwa nyuma likagoma kurudi ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na hali yoyote isiyoonyesha nafuu ndani ya wiki mbili ionwe na daktari. Unapokwenda, beba kila tyubu uliyopaka, hata iliyokwisha, kwa sababu daktari asiyejua umepaka steroidi anaweza kukosea ugonjwa anaoutazama.