Kolesteroli ya kurithi: je, nimeze diklofenaki?

SWALI: Daktari, nina miaka 38, ni mwembamba na vyakula vya mafuta situmii sana. Baba alifariki kwa moyo akiwa na miaka 44, na kaka yangu naye amepata shambulio la moyo. Nimepimwa, LDL yangu ni 7.2. Nimeambiwa ni ya kurithi. Jirani anasema mishipa yangu imevimba kwa ndani, nimeze diklofenaki. Ni kweli? — Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Kuhusu uvimbe jirani hajakosea. Kakosea dawa, na kosa hilo ni la hatari.

Ini lina vipokezi vya kunasa LDL, ile kolesteroli mbaya, na kuitoa kwenye damu. Mara nyingi anayerithi tatizo hili kutoka kwa mzazi mmoja ana vipokezi vizima karibu nusu tu. Tangu utotoni LDL imejaa kwenye damu yako, uwe mwembamba au mnene.

Ikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kunasa humo. Chembe nyeupe za damu, askari walewale wanaopambana na vijidudu, huifuata na kuimeza. Lakini LDL haiishi kuja. Chembe hujaa mafuta, nyingi hufia humohumo, na kemikali zinazomwaga huita wenzao zaidi. Huo ndio uvimbe wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walieleza kuwa kwa wagonjwa kama wewe chembe hizo huwa zimeshachokozeka zikiwa bado kwenye damu, na miezi mitatu ya statini, dawa za kushusha LDL, haikuzituliza ingawa LDL ilishuka. Ndiyo maana nasisitiza tiba ianze mapema, kabla hazijazoea vita.

Diklofenaki haitulizi vita hiyo. Yenyewe huongeza hatari ya shambulio la moyo. Dawa ya sindano inayotuliza uvimbe huo, canakinumab, iliyojaribiwa kwa waliowahi kupata shambulio la moyo, ilipunguza mashambulio mapya (matokeo yalitoka 2017), lakini vifo vya maambukizi viliongezeka.

Kwako wewe ni statini kila siku, bila kuacha hata ukijisikia mzima. LDL isiposhuka vya kutosha, daktari ataongeza dawa nyingine. Ukitaka kupata mtoto, mwone kwanza kabla ya kushika mimba.

Wanao je? Kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi. Wapimwe hata wakiwa wanacheza na kusoma vizuri. Aliyerithi anaweza kuanza dawa kwenye miaka 8 hadi 10. Watoto wa kaka yako nao wapimwe.