Mitandao ya Kijamii, Biashara na Ajira: Majibu ya Maswali ya Kila Siku

Fundi cherehani wa Mbagala anaweza leo kumuuzia gauni mteja wa Mwanza kwa simu, bila kupanga fremu huko. Kijana aliyemaliza chuo anaweza kuonwa na mwajiri asiyemjua kabisa. Lakini simu hiyohiyo ndiyo njia wanayopitia matapeli. Mtandao utakuletea watu. Watakaotoa pesa au kukupa kazi ni wale waliokuamini. Majibu haya yanahusu namna ya kuijenga imani hiyo na kuilinda.

Nina biashara ndogo. Nianze na mtandao upi?

Anza pale wateja wako walipo. Nguo, keki na samani zinauzwa kwa macho, kwa hiyo Instagram na TikTok zinazifaa. Anayeuza mayai kwa maduka ya mtaani anahitaji zaidi WhatsApp, kwa sababu wateja wake ni walewale kila wiki na wanachotaka kujua ni kama mzigo upo. LinkedIn, iliyoanza mwaka 2003, inawafaa zaidi wenye taaluma na kampuni zinazouziana huduma. Ukurasa mmoja unaojibiwa kila siku una faida kuliko mitano iliyolala.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni programu ya bure. Ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei, salamu inayojituma mteja akiandika usiku, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Ikiwezekana, tenga laini ya biashara na ile ya familia.

Niweke bei wazi au niandike "njoo inboksi"?

Weka wazi. Wengi huficha bei wakiwahofia washindani, lakini mshindani anaweza kuingia inboksi akajifanya mteja. Anayekwama ni mnunuzi mwenye haraka, au mwenye haya ya kuuliza kisha akashindwa kununua. Tangazo lililokamilika husomeka hivi: "Gauni la kitenge, saizi M hadi XL, sh. 45,000. Tupo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mjini tunaleta kwa boda, mikoani tunatuma kwa basi. Nauli ya mzigo ni ya mteja."

Piga picha mchana, karibu na dirisha, na iwe ya bidhaa uliyonayo mkononi. Picha ya kuokota mtandaoni ina hasara mbili: mteja akipokea kitu tofauti harudi tena, na kazi ya mpiga picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Je, ninunue wafuasi ili nionekane mkubwa?

Usinunue. Wafuasi wa kununua kwa kawaida ni akaunti bandia, haziulizi bei wala hazilipi. Tena mitandao hupima jinsi watu wanavyoitikia chapisho kabla ya kulisambaza, kwa hiyo maelfu ya wafuasi wasioitikia chochote wanakurudisha nyuma.

Pesa hiyo iweke kwenye tangazo la kulipia. Utachagua mji, umri wa walengwa na idadi ya siku, ukianza na kiasi kidogo. Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au kadi pepe inayopatikana kupitia baadhi ya huduma za pesa za simu. Kisha muulize kila mteja mpya, "Umetujuaje?" na uandike jibu kwenye daftari. Baada ya mwezi utajua ni tangazo lipi lilileta mauzo na lipi lilileta laiki tupu.

Naweza kutumia namba na picha za wateja nitakavyo?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Omba ruhusa kabla ya kumwingiza mteja kwenye kundi la matangazo au kuposti picha yake, na ukiposti muamala, ficha jina na namba yake. Anayeona unatunza siri za wengine atakuamini na za kwake.

Natafuta kazi. Nimtafute nani?

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza jambo linalowashangaza wengi: habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaowafahamu kwa mbali. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Utafiti mkubwa wa watumiaji wa LinkedIn, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliunga mkono hoja hiyo.

Kwa hiyo mtafute mhadhiri wako wa zamani, msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, na yule mliyekaa naye meza moja kwenye semina. Omba ushauri kabla ya kuomba kazi: "Shikamoo Mhandisi. Nimehitimu ufundi umeme VETA na nimesoma andiko lako kuhusu sola. Ungekuwa mimi, ungeanza kujifunza nini?" Ujumbe wa namna hii hujibika. CV iliyotumwa bila salamu mara nyingi huachwa.

Kisha onyesha kazi yako. Fundi umeme aweke picha za wayaringi kabla na baada. Mhasibu aeleze kwa lugha nyepesi jinsi duka dogo linavyotunza hesabu. Na kwa kuwa mwajiri anaweza kupitia kurasa zako, futa matusi na uvumi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo na kumnyanyasa mtu mtandaoni.

Nitalijuaje tangazo la kazi la kitapeli?

Dalili kubwa ni kuombwa pesa: ya fomu, ya vipimo, ya "kushikilia nafasi". Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa bure kupitia mfumo wake wa Ajira Portal. Wakala anayekuahidi kazi Oman au Dubai lazima awe amesajiliwa. Ukiwa Tanzania Bara, uliza kwanza TaESA, inayosimamia huduma za ajira, kabla ya kukabidhi pasipoti.

Matapeli huwinda pia akaunti yako. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya tarakimu 6 inayotumwa na WhatsApp, hata akijitambulisha kama rafiki yako. Akiipata, akaunti ni yake, na wateja wako ndio watakaoombwa pesa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo.

Nikitapeliwa nifanye nini?

Usifute mazungumzo, ni ushahidi. Ipigie simu mara moja kampuni ya mtandao uliotumia kulipa, kisha uripoti polisi. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Piga pia *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usinyamaze kwa aibu: namba isiyoripotiwa itaendelea kuwapigia wengine.